Naomba ushauri: rekodi mbili za mvua katika data za GFS

Ndugu wataalamu, niko Mwanza na ninatumia programu ya wgrib2 kukata eneo la Ziwa Victoria kutoka kwenye mafaili ya GRIB2 (muundo wa kuhifadhi data za hali ya hewa) ya GFS, modeli ya Marekani ya kutabiri hali ya hewa, yenye gridi ya nyuzi 0.25, yaani takriban kilomita 28 huku kwetu. Upepo wa mita 10 unatoka vizuri, na ndio wenye boti za Ukerewe huulizia zaidi. Tatizo ni mvua. Faili la saa ya 9 ya utabiri (saa 9 tangu utabiri uanze) lina rekodi mbili za APCP, yaani jumla ya mvua, moja ikijumlisha saa ya 6 hadi ya 9 na nyingine saa ya 0 hadi ya 9, lakini nikilifungua kwa cfgrib, zana ya kusomea mafaili ya GRIB ndani ya Python, ninapata moja tu, bila kuonyeshwa ni ipi. Kuchuja kwa lebo ya wgrib2 kulisaidia hadi saa ya 24, ambapo lebo ya jumla ya tangu saa ya 0 huhesabu kwa siku badala ya saa na kichujio changu hakipati kitu.

Je, ninawezaje kuchagua rekodi kwa mwanzo wa kipindi chake? Ninahitaji mvua ya kila saa 3, kwa kuwa dhoruba za ziwani hukolea usiku na alfajiri, na jumla ya siku nzima huzificha.