Mchongaji anataka maneno ya kibao cha kaburi la baba, na mimi sijui kama nayaamini

Kijana wa Kiwira

Mugonile, ndugu zangu. Nina jambo limenizidi, naomba wenye kujua wanisaidie.

Baba yetu alifariki mwezi wa pili. Tulimzika nyumbani kwenye migomba, nyuma ya jiko, kando ya babu. Sasa familia inataka kaburi lijengewe, na mchongaji wa vibao pale Mwanjelwa, Mbeya, ananidai maneno ya kuandika. Wadogo zangu wanataka "Pumzika kwa amani" basi, kama ya watu wengine. Mama hataki. Anataka "Mwana-Kondoo wetu ameshinda", yale maneno ya kwenye nembo ya kanisa letu la Moravian, yenye yule kondoo aliyeshika bendera. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo wananisubiri mimi.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa. Tangu nina akili zangu, alfajiri ya Pasaka alituamsha saa tisa na nusu, tukashuka na taa ya chemli hadi makaburini kungoja jua na Kristo. Tulitetemeka kwa baridi, matope mpaka magotini, yeye anapasha tarumbeta moto kwapani ili isikwaruze. Mwaka huu tarumbeta amepiga binamu yangu. Yakasomwa majina ya walioondoka tangu Pasaka iliyopita, na la baba likiwemo. Mchungaji akasema "Kristo amefufuka", wenzangu wakaitikia "Amefufuka kweli kweli", mimi mdomo ukagoma.

Msinisimulie kisa, nakijua tangu shule ya Jumapili. Nauliza hivi: ameshinda nini, ikiwa baba yuko chini ya migomba? Na kile kifo cha Ijumaa Kuu kilikuwa cha nini? Mungu si angesamehe tu, yakaisha? Sitaki kumwandikia baba uongo juu ya jiwe.

Na kuna hili. Siku ya mazishi mhubiri mmoja alimwambia mama, mbele ya watu wote waliokuwa chini ya turubai, aache kulia, kwamba Mkristo anayelia msibani anamkana Kristo mfufuka. Mama akanyamaza palepale. Hajalia mpaka leo. Anapika, anapalilia maharage, analala. Namwogopea.

Mshindi Daima

Pole sana kaka. Lakini kwa upendo nikuambie, mhubiri alisema kweli. Baba yako yuko mbinguni anaimba, sasa wewe unamlilia nani? Mauti imeshindwa, kwisha. Huzuni ikikaa moyoni inakuwa mlango wa adui. Mwambie mama ashangilie, nawe uungane naye.

Mama wa Mufindi

Mwanangu, pole kwa msiba. Nitajibu la Ijumaa tu, la kaburi nawaachia wengine.

Mimi ni Mlutheri, nalima miti. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa kumi, jirani yangu alichoma shamba lake kuandaa msimu. Hakukata barabara ya moto. Upepo ukageuka mchana, moto ukavuka ukala ekari tatu za paina zangu. Miti ya miaka tisa, mwanangu. Nilikuwa nimeihesabia ada ya chuo ya binti yangu. Yule jirani alikuja jioni, nguo zote masizi, akapiga magoti uani kwangu. Hakuwa na kitu cha kulipa, nilijua hana.

Ilinichukua muda kumsamehe. Na siku nilipomsamehe ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakiimba tangu utoto bila kukielewa. Msamaha haukuzifufua ekari tatu. Hasara ilikuwa pale pale, nyeusi, inanuka moshi. Kilichobadilika ni nani anaibeba. Ningempeleka barazani angeibeba yeye, kwa kuuza hata ng'ombe wake mmoja. Nilipomsamehe niliibeba mimi. Niliuza cherehani, binti akachelewa chuo mwaka mzima.

Sasa unauliza Mungu si angesamehe tu. Mwanangu, hakuna "kusamehe tu". Anayesamehe hulipa. Dogo hulipwa kidogo, ndiyo maana hatuoni. Lakini yote tuliyotendana wanadamu, damu iliyomwagwa, watoto waliotupwa, wajane walionyang'anywa mashamba, huo moto ni mkubwa kiasi gani? Paulo anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, asiwahesabie makosa yao." Ndani ya Kristo, umeona? Wengine wanahubiri msalaba kana kwamba Baba alikuwa amekasirika pembeni, akamtafuta mtu mwingine wa kumchapa. Hapana. Mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyeibeba hasara. Pale Golgotha, chini ya Pontio Pilato, tuliona bei yake.

Mfano wangu ni mdogo, najua. Mimi nilipoteza miti, sikufa. Na jirani yangu alikuja kuomba, wakati Kristo alituombea "Baba, uwasamehe" misumari ikiwa bado mikononi na hakuna aliyepiga magoti. Ila kwangu mimi mlango ulifunguka hapo, kwenye majivu.

Fundi wa Makaburi, Tukuyu

Ndaga, mwanangu. Pole. Ndaga na kwa mama.

Mimi najengea makaburi huu mwaka wa thelathini na kitu, na nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda karibu sawa na huo. Kwanza la kazi: usikimbilie zege mwezi wa nne. Mvua ya Rungwe unaijua. Udongo wetu huu mweusi wa volkano unaonekana umetulia, kumbe bado unakunywa maji, na kaburi la mwezi wa pili litaendelea kushuka. Ukijenga sasa, nyufa mwezi wa saba. Funika na nailoni, panga mawe pembeni, ngoja mvua zikatike. Kibao kichongwe taratibu.

La pili, ndugu Mshindi Daima, nakuheshimu, lakini hapana. Yesu alifika kwenye kaburi la Lazaro akijua kabisa kwamba baada ya dakika chache atamtoa. Wewe na mimi tungefika tunatabasamu. Yohana anasema aliugua rohoni, akafadhaika, kisha lile neno fupi, "Yesu akalia machozi." Aliyesema "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima" ndiye huyo huyo aliyelia, siku hiyo hiyo, kijiji hicho hicho. Je, alikuwa anajikana? Na Paulo aliwaandikia Wathesalonike "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Hakuwaambia wasihuzunike. Aliwaambia huzuni yao iwe na matumaini ndani yake. Aliyemfunga mama mdomo alimtwika mzigo ambao Bwana mwenyewe hakuubeba. Mwanangu, mwambie mama hivyo. Mwambie fundi mzee wa Tukuyu amesema alie.

Sasa ushindi. Watu hukimbilia 1 Wakorintho 15, "Ku wapi, Ewe mauti, kushinda kwako?", wanaipiga kelele makaburini. Rudi nyuma mstari mmoja. Paulo anasema mwili huu wa kuharibika utakapovaa kutokuharibika, "hapo ndipo litakapokuwa lile neno". Hapo ndipo. Wimbo ule una siku yake. Na kabla ya hapo, mstari wa 26, anasema "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Wa mwisho, na atakayebatilishwa. Kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye migomba ukahisi kifo ni adui na bado kinauma, hujapungukiwa imani. Unasoma Biblia sawasawa.

Utaniuliza, basi Pasaka imebadilisha nini? Neno ni moja, na sisi wakulima ndio tunaopaswa kulielewa kuliko maprofesa: limbuko. "Lakini sasa Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala." Mama yako anapokwenda shambani akarudi na hindi bichi la kwanza, akalichoma, mkaligawana punje kwa punje, mnashangilia nini? Hindi moja halishibishi nyumba. Mnashangilia kwa sababu limetoka kwenye shamba lile lile, mbegu ile ile, mvua ile ile, na kwa hiyo yote yaliyosimama kule nyuma yanakuja. Wayahudi walikuwa na sikukuu ya hilo, ipo katika Walawi 23. Mganda wa kwanza ulitikiswa mbele za Bwana siku inayofuata Sabato, na kabla ya siku hiyo hawakuruhusiwa kula mazao mapya. Yesu alifufuka siku inayofuata Sabato. Paulo alikuwa Farisayo, hakulichagua neno hilo kwa bahati.

Shamba lile lile, mwanangu. Hapo ndipo mimi hushikilia. Angekuwa Kristo amepaa kama roho tu, mwili ukabaki Yerusalemu unaoza, tungeweza kusema yake ni yake, baba yako ni mwingine. Lakini kaburi lilikuwa tupu. Mwili uliozikwa ndio ulioinuka, wenye nyama na mifupa, ukala samaki mbele yao. Kilichompata mmoja wetu chini ya udongo kitawapata wengine walio wake. Kwa hiyo sifichi kwamba baba yako yuko chini. Yuko chini. Kristo naye alikuwa chini, tangu Ijumaa jioni, akafungiwa kwa jiwe na muhuri. Hakuruka juu ya kaburi, alipita ndani yake.

Unajua kwa nini tunakwenda makaburini alfajiri? Mwaka 1732, kule Herrnhut, Ujerumani, vijana wa kanisa letu la Moravian walipanda kilimani kabla jua halijachomoza, wakaenda kumwimbia Bwana mfufuka katikati ya makaburi ya ndugu zao. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo. Na wazee wale makaburi waliyaita Shamba la Mungu. Waliyalaza mawe bapa, yote sawasawa, tajiri na maskini, mistari iliyonyooka kama matuta. Mimi siku hizi naombwa vigae vya kumetameta na nguzo nne na paa. Najenga, ni kazi yangu, lakini moyoni napenda yale matuta. "Hupandwa katika uharibifu; hufufuliwa katika kutokuharibika." Baba yako alilima?

Kijana wa Kiwira

Shikamoo mzee. Alilima kahawa na ndizi. Kahawa aliotesha mwenyewe kitaluni, hakuwahi kununua mche. Alikuwa anatukataza kufukua mbegu kuangalia kama imeota.

Mama wa Mufindi, nimekusoma mara tatu. Asante kwa kutuambia la cherehani.

Fundi wa Makaburi, Tukuyu

Marahaba mwanangu. Basi alijua.

Wa Uyole

Mimi ni Mkatoliki, naongeza dogo. Kwenye Mkesha wa Pasaka, gizani, kabla ya mshumaa wa Pasaka kuwashwa, padre anachora msalaba juu yake, Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka huu tulio nao. Halafu anachomeka punje tano za ubani, ndizo madonda matano. Mume wangu alipofariki nilikuwa nawaza, kwa nini mshumaa wa ushindi una madonda? Kisha nikamkumbuka Tomaso. Bwana alifufuka na makovu yake. Mungu aliyeweza kumwinua angeweza kuyafuta, hakuyafuta. Kwa hayo Tomaso alimtambua. Mimi najua siku nikimwona mume wangu nitamtambua, hata kile kidole alichokatwa na panga. Kaka, mwaka wa kifo cha baba yako umeandikwa juu ya mshumaa ule.

Mshindi Daima

Mzee Fundi, nimesoma ile "hapo ndipo". Sikuwahi kuiona. Kaka, niwie radhi. Na mama naye aniwie radhi.

Kijana wa Kiwira

Ndaga fijo, nyote. Niwape taarifa.

Nilipanda Kiwira Jumamosi. Jioni tukiwa jikoni, mama anamenya ndizi, nikamsomea kwenye simu maneno ya Mzee Fundi, yale ya Lazaro. Nilipofika "mwambie fundi mzee wa Tukuyu amesema alie", aliweka kisu chini. Alilia mpaka moto ukazima. Sikumwambia kitu, niliuchochea tu. Baadaye akaanza kuzungumza, mambo ya baba ambayo sijawahi kuyasikia: jinsi alivyojifunza tarumbeta kwa kuficha, jinsi mtoto wao kabla yangu alivyokufa na baba akapanda mche wa kahawa pale pale. Kumbe ule mti wa kahawa wa peke yake karibu na kisima ndiyo habari yake. Nimeuchuma miaka yote sijui.

Mimi mwenyewe sijafika anapofika mzee. Usiku bado nina maswali. Ila Jumapili asubuhi niliteremka peke yangu kwenye migomba, nikasema lile jibu la Pasaka kwa sauti, na halikuwa uongo mdomoni mwangu.

Wadogo zangu wamekubali. Kibao ni bapa, cha kulala, hakuna nguzo. Juu ni maneno ya mama, "Mwana-Kondoo wetu ameshinda". Chini jina, kisha "Alizaliwa" na tarehe. Mstari wa mwisho, mahali pa "Alifariki", mama amesema tuandike "Amepandwa" na tarehe.

Mchongaji amenipigia mara mbili kuuliza kama nimekosea neno. Nimemwambia achonge hivyo hivyo.