Filamu ipi ya nyumba ya Usher inafaa kuchambuliwa na wanaojifunza kutengeneza filamu za kutisha kwa bajeti ndogo?

Pazia la Usiku (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninaongoza kikundi kidogo cha vijana wanaojifunza kutengeneza filamu fupi, na tumepanga kuangalia pamoja filamu moja ya kutisha iliyotengenezwa kwa fedha kidogo kutokana na hadithi ya zamani, kisha tuichambue tukio kwa tukio. Hadithi tuliyokubaliana ni ile ya Edgar Allan Poe kuhusu kuanguka kwa nyumba ya Usher, iliyochapishwa Marekani mwaka 1839. Tumeipenda kwa sababu ina watu watatu tu wa maana na nyumba moja, na hofu yake haihitaji zimwi. Isitoshe, Poe alifariki mwaka 1849, kwa hiyo yeyote anayetaka kuiigiza hadithi hiyo hahitaji kununua haki.

Kwa wasioisoma: msimulizi asiyetajwa jina anaitikia barua ya Roderick Usher, rafiki yake wa utotoni, na kufika kwenye jumba kuukuu lililo kando ya ziwa dogo jeusi. Roderick ana ugonjwa wa hisia kali kupita kiasi, hata mwanga hafifu unamuumiza macho, na dada yake, Madeline, huzimia na kukakamaa kama maiti. Siku moja Roderick anatangaza kuwa dada yake amefariki, wanamlaza katika chumba cha chini ya nyumba, na baada ya siku kadhaa, usiku wa dhoruba, inabainika kwamba alizikwa akiwa hai.

Nina filamu tatu mkononi: ya Roger Corman ya mwaka 1960, yenye rangi na ya takriban dakika 80, ya Jean Epstein, ya Ufaransa, ya mwaka 1928, ambayo ni filamu bubu ya takriban saa moja, na ya Wamarekani James Sibley Watson na Melville Webber, nayo ni bubu ya mwaka 1928, yenye dakika 13 tu. Naomba maoni ya walioziangalia kwa makini, hasa juu ya jambo hili: ni ipi inayoonyesha vizuri zaidi namna uhaba unavyoweza kugeuzwa kuwa sehemu ya hofu yenyewe?

Fundi Seti

Mkuu, ahsante kwa mada. Kwangu mimi jibu ni Corman, wala sisiti, kwa sababu katika filamu yake unaweza kunyoosha kidole na kuonyesha kila mahali ambapo dola iliokolewa na kila mahali ambapo ilitumiwa kwa makusudi.

Kampuni ya American International Pictures ilikuwa na desturi ya kumpa fedha atengeneze filamu mbili za rangi nyeusi na nyeupe, kila moja kwa siku kumi hivi, ili zionyeshwe kwa tiketi moja. Corman aliwaomba waunganishe fedha hizo katika filamu moja ya rangi, itakayopigwa kwa siku 15, na bajeti ikawa takriban dola 300,000. Mwenyewe amesimulia kwamba mmoja wa wakuu wa kampuni alimuuliza zimwi liko wapi katika hadithi hiyo, naye akajibu kuwa nyumba yenyewe ndiyo zimwi. Jibu hilo halikubaki maneno ya kumridhisha mwenye fedha, kwa sababu filamu nzima imejengwa juu yake: kuta zinatoa sauti, ufa unapanuka, taa kubwa ya dari inaanguka na kumkosa mgeni kidogo tu, na Roderick anazungumza juu ya jumba hilo kama mtu anayemzungumzia jamaa yake mgonjwa.

Sasa tazama hesabu yake. Waigizaji wenye uzito ni wanne tu: Vincent Price kama Roderick, Myrna Fahey kama Madeline, Mark Damon kama mchumba wa Madeline, na Harry Ellerbe kama mtumishi mzee. Mwandishi wa skripti, Richard Matheson, alimfanya mgeni kuwa mchumba badala ya rafiki, na kwa badiliko hilo dogo akapata ugomvi ndani ya nyumba bila kuongeza mtu wala mahali. Fedha nzuri zilikwenda kwa Price, kwa mpigapicha Floyd Crosby, ambaye aliwahi kupata tuzo ya Oscar miaka mingi kabla, na kwa Daniel Haller, aliyesanifu seti akaweza kufanya vyumba vichache vionekane kama jumba lisilo na mwisho.

Kuna mambo mawili ambayo vijana wako wanapaswa kuyaona kwa macho yao. La kwanza ni mwanzo wa filamu, mgeni anapopita na farasi katika nchi iliyokauka, yenye miti myeusi isiyo na jani. Moto ulikuwa umeunguza msitu katika vilima vya Hollywood, na Corman aliposikia habari hizo aliwahi kwenda huko na kamera, mwigizaji na farasi, akapata mandhari ambayo hakuna bajeti yake ingeweza kuijenga. La pili ni moto wa mwisho. Alimpata mwenye ghala la mbao lililokuwa linangoja kubomolewa, akamlipa dola 50 ili alichome usiku badala ya kulibomoa, na picha za mihimili inayoanguka huku ikiwaka akazitumia tena katika filamu zake nyingine za Poe zilizofuata.

Msomaji Mkongwe

Naheshimu hoja za Fundi Seti, lakini naomba nitofautiane naye katika jambo la msingi. Corman anatufundisha kuokoa fedha, na hilo ni jema. Ila mleta mada ameuliza juu ya uhaba kugeuka hofu, na mara nyingi Corman anautumia ustadi wake kuuficha uhaba ili tusiuone. Ukungu unafunika mahali seti inapoishia, muziki wa Les Baxter unajaza ukimya, na mazungumzo yanatueleza kile ambacho Poe alituacha tukihisi wenyewe.

Epstein alitengeneza filamu yake kwa kampuni yake mwenyewe, na kijana Luis Buñuel alikuwa msaidizi wake kabla hawajatofautiana. Sidai kwamba ni filamu ya bei ya chini kama ile ya dakika 13, kwa sababu ukumbi wake mkuu ni mpana na ulihitaji kujengwa. Hata hivyo, kinachotisha ndani ya ukumbi huo ni vitu ambavyo kila mtu anavyo. Pazia refu linapeperuka kwa mwendo wa polepole. Majani makavu yanasombwa na upepo juu ya sakafu ya ndani, na kamera inayafuata kwa chini kabisa, karibu na ardhi, mpaka mtazamaji anaanza kujiuliza ni nani anayeangalia. Vitabu vinaporomoka kabatini taratibu mno. Wakati wa kumpeleka Madeleine kaburini, shela lake jeupe linaburuzwa nje ya jeneza, na picha za mishumaa zimewekwa juu ya picha za wabebaji, kwa hiyo msafara unatembea kana kwamba umo ndani ya moto usiounguza.

Ni kweli kwamba ameibadilisha hadithi. Madeleine amekuwa mke wa Roderick, na Epstein ameingiza humo hadithi nyingine ya Poe, ile ya mchoraji ambaye kila anapoongeza rangi kwenye picha ya mkewe, mke mwenyewe anazidi kufifia. Mwisho wake pia ni tofauti sana, kwani mume na mke wanatoka wakiwa hai. Mimi mabadiliko hayo hayanisumbui, maana hali ya hewa ya hadithi imebaki ileile ya Poe.

Taa Moja

Wakuu, mnaipita haraka ile ya Watson na Webber kwa sababu ya urefu wake, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa kikundi cha mleta mada. Hawa hawakuwa watu wa Hollywood. Waliifanya Rochester, katika jimbo la New York, nje ya studio zote, na mmoja wa waongozaji, Webber, ndiye aliyeigiza mgeni, huku Hildegarde Watson akiigiza Madeline. Seti zao ni maumbo yaliyokatwa na kupakwa rangi, kuta zilizopinda na vivuli vikali. Sehemu kubwa ya maajabu wameyapata kwa vioo, vipande vya kioo vya kupinda mwanga, na kupiga picha juu ya picha katika mkanda uleule.

Ngazi ni mfano mzuri: ngazi chache zinarudiwa na kupandishwa moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa safari isiyoisha. Filamu haina maandishi ya kueleza kinachotokea. Badala yake, herufi zinaelea hewani na kutengeneza maneno ya kishindo na mayowe, yakiwa yamevunjikavunjika, na kwa njia hiyo sauti inaonekana kwa macho katika filamu isiyo na sauti. Tangu mwaka 2000 imo katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, na ile ya Corman iliingia mwaka 2005.

Mwana wa Bandari

Mbona hakuna aliyemtaja Corman wa mwaka 1964, katika ile hadithi ya mwanamfalme anayejifungia na wageni wake wakati tauni inaua watu nje? Kwa mtazamo wangu ndiyo filamu yake bora zaidi ya Poe.

Fundi Seti

Kaka, kwa uzuri huenda uko sahihi, lakini kwa somo hili haifai. Aliipigia Uingereza kwa takriban wiki tano, mpigapicha akiwa Nicolas Roeg, na alirithi mabaki ya seti kubwa za filamu nyingine ya gharama iliyokuwa imemaliza kazi. Kijana anayepanga kupiga filamu sebuleni kwa shangazi yake hatapata hapo kitu cha kuiga kesho yake.

Mhariri wa Mvua

Ndugu zangu, naona tunalinganisha filamu nzima kwa nzima, na mazungumzo ya namna hiyo huishia kwenye upendeleo wa mtu. Mimi ningelinganisha tukio moja, yaani kurudi kwa Madeline, kwa sababu hapo ndipo hadithi inapofanikiwa au kufeli.

Katika maandishi ya Poe, kurudi kwake kunatangulizwa na masikio. Msimulizi anamsomea Roderick kitabu cha kale ili kumtuliza, na kila sauti inayotajwa kitabuni, mlango kuvunjwa, joka kulia, ngao kuanguka, inafuatwa na sauti kama hiyo kutoka mahali fulani ndani ya nyumba. Roderick alikwisha kusikia siku nyingi kwamba dada yake anahangaika ndani ya jeneza, na hakuthubutu kusema. Hofu yote imelala katika ukimya huo wa ndugu.

Corman ameliacha jambo la kitabu, lakini ukimya wa Roderick ameushika barabara, tena ameufanya kuwa dhambi. Kabla ya mazishi, Roderick anaona vidole vya Madeline vikisogea ndani ya jeneza, naye anafunga mfuniko haraka kabla mchumba hajaona. Hapo hakuna gharama yoyote: mkono, kitambaa, mbao na uso wa Price. Tangu sekunde hiyo mtazamaji anabeba siri moja na muuaji, na kila dakika inayofuata inakuwa nzito. Madeline anapotokea na mikono yenye damu ninaona nguvu inapungua kidogo, kwa sababu kile kidole kilikwisha kututisha zaidi.

Epstein analifanya jambo lilelile kwa kuuchelewesha wakati. Tunaona timazi ya saa ikienda polepole, nyuzi za gitaa zikikatika zenyewe, na jeneza likianguka kwa mwendo ambao hakuna kitu cha duniani huanguka nao. Watson na Webber, kwa upande wao, wanatupa nyundo, jeneza na ngazi vikirudiwarudiwa mpaka Madeline anamwangukia ndugu yake. Kwa hisia za haraka hawana mpinzani. Ila asiyeijua hadithi hataelewa ni nani amemtendea nani nini, na hilo ni pungufu kubwa kwa kikundi kinachojifunza kusimulia.

Naongeza filamu moja kwenye orodha yako, mleta mada. Jan Švankmajer wa Czechoslovakia aliitengeneza hadithi hiihii mwaka 1980 bila mwigizaji hata mmoja kuonekana. Sauti ya msomaji inasimulia, na tunachokiona ni viti, kuta, matope yanayojifinyanga na jeneza linalojiendea lenyewe. Kama mada ni uhaba, sijui mtu anaweza kupunguza nini zaidi baada ya kuondoa watu wote.

Msomaji Mkongwe

Dada Mhariri, hoja ya kidole ndani ya jeneza imenigusa, na ninakubali kwamba katika jambo la siri ya Roderick, Corman amefika mahali ambapo Epstein hakufika. Kwa upande wa Švankmajer, ningemshauri mleta mada aiache kwa siku nyingine, kwa kuwa inamtegemea sana mtazamaji anayefuata lugha ya msomaji, na tafsiri chini ya picha itawaondolea macho kwenye viti na matope.

Pazia la Usiku (mleta mada)

Nawashukuru wote kwa moyo wa dhati. Nimeamua tutaanza na ile ya dakika 13, tuiangalie mara mbili mfululizo: mara ya kwanza kabla sijawasimulia hadithi, na mara ya pili baada ya kuwasimulia, ili waone wenyewe picha inaweza kubeba nini na inashindwa kubeba nini. Kisha tutaangalia ya Corman nzima, na tutasimama kwenye tukio la vidole na mfuniko. Kutoka kwa Epstein nitachukua sehemu ya mazishi na ile ya dhoruba tu. Nina swali moja la mwisho: filamu hizo bubu niwaonyeshe kimya kabisa, au niweke muziki?

Taa Moja

Kwa ile fupi upo muziki ambao Alec Wilder aliutunga mwaka 1959, na nakala nyingi huja nao. Mara ya kwanza zima sauti kabisa, kwa sababu zile herufi zinazoelea hupoteza kazi yake pale ambapo tayari kuna kishindo cha ala. Mara ya pili rudisha muziki, kisha uwaulize vijana ni wapi walisikia kitu walipokuwa wakiangalia kimya.