Chuo cha umma Dodoma au chuo binafsi Dar es Salaam, wakati majina ya mkopo hayajatoka?

Mjomba wa Singida
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mkulima wa alizeti na ninamlea binti wa marehemu shemeji yangu. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na amechaguliwa kusoma shahada ya uuguzi katika vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dodoma, na chuo kimoja binafsi cha Dar es Salaam ambacho ada yake ni zaidi ya mara mbili, ingawa kimetuahidi punguzo la robo ya ada kwa mwaka wa kwanza. Tumekwisha kuomba mkopo, lakini majina ya waliopata hayajatoka na siku za kuthibitisha udahili zinakwisha. Binti anavutiwa na Dar es Salaam kwa sababu shangazi yake anaishi Mbagala na yuko tayari kumpa chumba. Tuthibitishe wapi?

Mhasibu Mstaafu
Mjomba, hongera kwa kumfikisha hapo. Ombeni kila chuo maelekezo ya kujiunga, kisha mjumlishe gharama za miaka yote minne, kwa kuwa punguzo mliloahidiwa linaishia mwaka wa kwanza ilhali ada inaendelea. Humo mtakuta malipo ambayo matangazo ya vyuo hayayataji: bima ya afya ya NHIF, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh50,400 kwa mwaka, Sh20,000 ya uthibiti ubora inayopelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), sare, na vifaa vya mafunzo ya vitendo.

Kuhusu mkopo, wazazi wengi hudhani kwamba aliyepata amelipiwa kila kitu. Bodi ya Mikopo hupima uwezo wa familia, kisha hugawa fedha kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anaweza kupata fedha zote za chakula na malazi, lakini akapewa sehemu tu ya ada, na pengo hilo la ada ndilo linalowazuia wengi kufanya mitihani. Kwa ada ya chuo cha umma, pengo hilo mnaweza kulifukia kwa mavuno ya msimu mmoja. Kwa ada ya chuo hicho kingine, sioni mtalifukia kwa kitu gani. Mimi ningethibitisha Dodoma leo hii.

Muuguzi Morogoro
Ninakubaliana na Mzee Mhasibu, ila chumba cha shangazi kisipuuzwe, maana kodi ya nyumba Dar es Salaam ni mzigo mzito. Hata hivyo, mwanafunzi wa uuguzi huingia zamu za usiku wodini, na safari ya kutoka Mbagala saa hizo ina nauli yake na hatari zake. Ulizeni chuo hicho kinawapeleka wanafunzi hospitali gani. Chuo Kikuu cha Dodoma kina mabweni yake, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani.

Binti pia aelewe kwamba mkopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, lakini akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe.

Mjomba wa Singida
Nawashukuru. Binti amekubali Dodoma, ingawa kwa shingo upande. Hofu yangu iliyobaki ni kwamba jina la baba katika cheti cha kuzaliwa limepungua herufi moja likilinganishwa na lililo katika cheti cha kifo. Je, hilo linaweza kumnyima mkopo?

Mhasibu Mstaafu
Linaweza, kwa sababu uyatima wake ndio hoja yake kubwa katika kupimwa uhitaji, na Bodi hutegemea vyeti vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako huduma za RITA hupatikana, ukiwa na vyeti vyote viwili, uulize utaratibu wa kurekebisha jina, na usisubiri majina yatoke. Akikosa au akipata kiasi kidogo, dirisha la rufaa likifunguliwa awe tayari na cheti kilichosahihishwa.