Nachora hina na piko, sasa nimeombwa michoro ya tatuu. Hii nayo ni sanaa?

BintiMkunazini
Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni.

Mimi mchoraji wa hina na piko hapa mjini Unguja, mwaka wa tisa huu. Nilianza na miguu ya dada zangu, nikaja kwenye maharusi, na siku hizi nakwenda Paje mara tatu kwa wiki kuchora wageni. Sasa huko Paje kuna kijana amefungua chumba cha tatuu. Kaliona daftari langu, akaniambia: wewe nichoree kwenye karatasi, kuchanja niachie mimi. Kila mchoro 40,000. Kuna maharusi nimewakesha, mikono mpaka viwiko na miguu mpaka magoti, nikaondoka na chini ya hizo na sahani ya biriani.

Nimeshamchorea miwili: mmoja wa yungiyungi, mmoja wa mnyororo, yote nimeitoa kwenye milango ya Mji Mkongwe. Wa tatu ndio ulionikwaza. Alikuja mgeni na picha kwenye simu, kizingiti cha mlango, anataka yale "mapambo" ya juu yaende kwenye kifundo cha mguu. Nikasoma: Bismillahi. Nikamrudishia simu yake. Maskini, alidhani ni maua.

Mama hataki kusikia. Kwake hina pambo, tatuu uhuni. Nikamwambia, mama, mkono wangu ni huuhuu, iweje huku niitwe fundi na kule mhuni? Akanijibu nikapike.

Naomba mnisaidie. Tatuu ni sanaa au si sanaa? Na mimi wa karatasi tu, nahesabiwa wapi?

MpembaWaWete
Waalaykum salaam. Mama kashamaliza kesi, nenda kapike.

AbuNassir
Dada yangu, umechanganya maswali mawili ndio maana hupati jibu. Uzuri wa kitu ni swali moja, halali yake ni jingine. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa. Sababu inayotajwa pale ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hina haibadilishi, inapaka na inaondoka. Na hilo la karatasi, soma Suratul Maida aya ya 2, inakataza kusaidiana katika dhambi. Siwezi kukwambia mchoro wako mbaya. Nakwambia unakokwenda ndiko kubaya. Kwa kurudisha ile simu, Mungu akulipe.

Mjukuu_wa_Mmakonde
Mimi naingia kwa mlango mwingine. Babu yangu alivuka kutoka Msumbiji kuja kuchuma karafuu huku visiwani. Uso mzima una chale, mistari imepindishwa pembe kwa pembe, umechanjwa na kusuguliwa masizi. Kwao kijana bila chale hakuwa amekamilika, na mchanjaji alikuwa mtu wa heshima, si kila mwenye kisu. Tulipokuwa skuli watoto wakimcheka, yule "mzee wa mikwaruzo". Sasa nenda kwenye duka la vinyago, utaikuta mistari ileile kwenye uso wa mti, na mgeni anatoa dola. Makumbusho za Ulaya zinaviweka kwenye kioo. Yaani kwenye mti ni sanaa, kwenye uso wa babu ni ushamba? Nani kaamua?

Sizungumzii dini, AbuNassir kashasema na namheshimu. Lakini neno "uhuni" linanichoma.

MpembaWaWete
Hapo umenigusa. Nafuta mzaha wangu nusu.

WakiliMdogo
Hata Japani walibishana hili hili mahakamani. Mchoraji wa Osaka alishitakiwa eti kuchoma sindano kwenye ngozi ni kazi ya daktari, na yeye hana leseni ya udaktari. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 akashinda. Majaji walisema hiyo si tiba, na kwamba kazi ile inataka ujuzi wa sanaa, kitu ambacho udaktari haufundishi. Lakini huko huko Japani kuna mabwawa ya kuogea mpaka leo hawakuruhusu kuingia ukiwa na tatuu. Kuitwa sanaa hakujawafungulia kila mlango.

NesiWaJioni
Mnasema sanaa, mimi nasema sindano. Binti, umemuuliza huyo kijana kama sindano anabadilisha kwa kila mtu? Na wino je, anamimina kwenye kikombe kipya au anachovya chupa moja watu wote? Homa ya ini B na C zinapita hapo, na virusi vya UKIMWI pia.

Nawe usijione uko salama na piko lako. Hina ya majani inatoa rangi ya chungwa au kahawia, haitoi nyeusi. Ile nyeusi, yaani piko, ni rangi ya kupaka nywele, ina kemikali inaitwa PPD. Nimeona mtoto wa mgeni ameota malengelenge kwa umbo lilelile la ua alilochorwa, na kovu likabaki. Wengine wakishapata hivyo hawawezi tena kupaka rangi ya nywele maisha yao yote. Kwa hiyo hata wewe unachora visivyofutika, ila hujui.

BintiMkunazini
Da Nesi, hilo limenikata maini. Wageni wanapenda nyeusi kwa sababu inafanana na tatuu. Piko kwa watoto naacha leo.

Kijana nimemuuliza sindano, kasema anafungua mpya mbele ya mteja. Sijawahi kukaa nikaona.

Seremala_Mzee
Mwanangu, nachonga milango na masanduku tangu nina miaka kumi na minne. Mimi sijui tatuu, najua nakshi. Nakshi ina kazi. Ule mnyororo unauzunguka mlango mzima kwa sababu unaifunga nyumba, ndivyo nilivyofundishwa. Maandishi yako juu ili anayeingia apite chini yake. Ukiyashusha kwenye kifundo cha mguu, ukamwingiza nayo mtu chooni, si nakshi tena hiyo.

Na jingine. Ubao nikikosea natafuta mwingine. Wewe hina ukikosea, wiki mbili ngozi ya juu imebanduka, yamekwisha. Ile sindano inapita ngozi ya juu, inaweka wino chini yake. Mguu wa mtu utatafuta mwingine wapi?

Hebu weka hapa huo mnyororo niuone.

BintiMkunazini
Huu hapa babu. [picha]

Seremala_Mzee
Mkono unao, wallahi. Mistari imetulia. Ila tazama kona ya chini kushoto, pete ya tatu haikuingia kwenye ya nne. Mnyororo wako umekatika. Sahihisha kabla hajauchanja.

BintiMkunazini
Babu, umeshachanjwa. Mkono wa Mjerumani mmoja, duara zima, na juzi kapanda ndege kurudi kwao.

MpembaWaWete
Mwambieni ndio mtindo wa Pemba. Hatojua.

Seremala_Mzee
Atajua siku akirudi akasimama mbele ya mlango. Binti, Jumamosi baada ya adhuhuri njoo karakana, uje na daftari lote. Na penseli yako, zangu ni za kupimia mbao.