Kabla ya kudai majimbo, tuzikinge halmashauri

Mtoa mada, Moshi:
Wadau, kila tukigusa katiba mpya, hoja ya serikali za majimbo inarudi, na mfano ni Marekani. Kule Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayaachia majimbo au wananchi madaraka yote ambayo serikali ya shirikisho haikukabidhiwa. Rais hawezi kumfukuza gavana.

Halmashauri zetu Tanzania zilifutwa 1972, zikarudi baada ya sheria za 1982. Katiba inazitaja ibara ya 145 na 146, lakini vyanzo vyao vya mapato vimeachiwa sheria za kawaida. Ndiyo maana ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) 2016, na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hapa mtaani mpangaji akinunua umeme anakatwa kodi ya nyumba isiyo yake, huku mfereji wa mbele ya mlango umejaa mchanga tangu masika. Ukimuuliza diwani, anakwambia fungu halijashuka.

Mchangiaji, Arusha:
Kaka, mimi hofu yangu ni fedha. Ada za wanaopanda Kilimanjaro zikibaki Kaskazini, Lindi na Kigoma wale nini? Tena majimbo yakichorwa kwa kanda, ukabila utapewa mipaka rasmi.

Mtoa mada:
Dada, la ukabila ni kweli, ndiyo maana siombi kanda. La fedha, vuka mpaka wa Holili uingie Taveta. Kenya kaunti 47 zilianza kazi 2013, na katiba yao inazitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mgawo unaangalia idadi ya watu na umaskini, kwa hiyo Turkana ni miongoni mwa zinazopata fungu kubwa.

Mimi nataka mawili yaandikwe katibani: fungu la halmashauri lisiloguswa na sheria ya fedha ya kila mwaka, na mkurugenzi wa halmashauri aajiriwe na madiwani badala ya kuteuliwa na Rais. Anayelipinga la pili aseme mkurugenzi wa leo anawajibika kwa nani.

Mchangiaji, Arusha:
La kwanza nakuunga mkono kwa mikono miwili. La mkurugenzi, hapana. Madiwani wakipewa kuajiri, kazi itaishia kwa shemeji zao. Kama ni kumtoa mikononi mwa Rais, basi tumpigie kura sisi wananchi, na tuwe na uwezo wa kumwondoa.