Mrejesho: swichi ya pikipiki iliyokuwa inanata

Wakuu, ile swichi niliyouliza, funguo inazunguka kwa kulazimisha na taa zinakatika ukikata kona, imepona bila kununua mpya. Toa kwanza waya hasi wa betri, chomoa soketi iliyo nyuma ya taa kubwa, fungua bolti mbili za swichi. Tundu la funguo lilikuwa na vumbi la Tabora lililogandana na oili: lioshe kwa petroli, likauke kabisa, halafu tia unga wa penseli. Oili tena hapana, inakamata vumbi. Kukatika kwa taa kulitoka kwenye kisahani cha plastiki chini ya swichi, vidoti vya shaba vimeungua vyeusi. Msasa laini, grisi kiduchu. Fungua taratibu, springi zake zinaruka! Kama funguo yenyewe imelika, nunua seti yenye kifuniko cha tangi, la sivyo utatembea na funguo mbili.