Spika tano na sabufa, lakini mama hasikii maneno. Naombeni ushauri

Kijana wa Tabata:
Habari zenu wakuu. Nimekwama wiki ya tatu sasa. Nilinunua muziki wa 5.1 uliotumika pale Kariakoo: risiva (ile mashine inayokuza sauti na kuigawa kwa spika), spika tano na sabufa. Sebule ni mita 4 kwa 5, chini marumaru. TV nimeiunganisha na risiva kwa waya wa optiko. Nikiweka filamu, milio ya magari inatikisa dirisha, ila watu wakiongea ni kama wamejifunika blanketi. Mama yuko kwangu kwa matibabu, masikio yake si ya zamani, na usiku tunaangalia tamthilia pamoja. Kila dakika ananiuliza, "Amesemaje?" Nimetega sikio kwenye spika ya katikati: kimya. Za nyuma vilevile. Fundi kaja, kasema zimekufa, ninunue nyingine. Sina hela ya kubahatisha. Nifanyeje?

Waya Mwekundu:
Pole mkuu, na mama apone haraka. Usinunue kitu kwanza. Kwenye menyu ya spika ya risiva tafuta Test. Mlio wa "shshsh" utazunguka spika moja baada ya nyingine. Zikilia zote, basi spika ni nzima, tatizo ni kinachotoka kwenye TV. Tuletee jibu.

Kijana wa Tabata:
Nimejaribu sasa hivi. Zote zinalia, hata hizo zilizoambiwa zimekufa! Ya nyuma ilipolia mama kageuka kuangalia mlango.

Waya Mwekundu:
Safi. Sasa ingia mipangilio ya sauti ya TV, pale pa sauti ya dijitali inayotoka nje. Nahisi utakuta PCM. Waya wa optiko ukipitisha PCM unabeba njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo zile nyingine hazipati kitu. Weka Auto au Dolby Digital, ambayo hubeba njia zote za 5.1 kwenye waya huohuo. Filamu nayo lazima iwe imerekodiwa kwa 5.1. Tamthilia ikija kwa stereo, yaani njia mbili tu, washa Pro Logic kwenye risiva kama ipo, inachuja maongezi na kuyapeleka katikati. Kisha ipandishe spika ya katikati desibeli 2 au 3 kwa ajili ya mama.

Dada Mpangaji:
Kaka, hiyo spika ya katikati iko wapi? Kama umeisukumia ndani ya kabati la TV, itoe mpaka ukingoni, uiinamishe ielekee masikio ya mama. Watu wanaidharau, kumbe maneno karibu yote ya filamu yanapita humo. Za nyuma usizitundike kwenye kona za dari. Ziwe ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo, juu kidogo ya kichwa cha aliyekaa. Na marumaru matupu yanarudisha mwangwi, maneno yanakanyagana. Tandika kapeti kati ya kochi na TV. Sabufa isikae kwenye ukuta mnaochangia na jirani, tafadhali. Mimi ndiye huyo jirani, na mtoto wangu halali.

Mzee wa Risiva:
Risiva yako imewaka wiki tatu bila moshi, kwa hiyo umeme wake uko sawa. Nawaambia wengine mnaosoma: mtumba wa Marekani hutumia volti 120, wa Japani 100, soketi zetu ni 230. Someni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Mimi niliunguza yangu siku ya kwanza, na iliniuma sana.

Kijana wa Tabata:
MREJESHO. Ilikuwa PCM kweli! Nimeweka Auto, kwa king'amuzi nawasha Pro Logic. Spika ya katikati nimeinyanyua mbele kwa daftari lililokunjwa. Jana tamthilia nzima mama hajauliza hata mara moja. Mimi nilisinzia, asubuhi yeye ndiye kanisimulia ilivyoisha. Mungu awabariki. Limebaki moja: nyaya za nyuma zinakatiza mlangoni chini ya kapeti, na mama anatembelea mkongojo.

Waya Mwekundu:
Zitoe leo hii, mkuu. Nunua waya mrefu zaidi, upandishe juu ya fremu ya mlango ndani ya ile mifereji ya plastiki ya mafundi umeme. Upande wa waya wenye mstari uende kwenye tundu jekundu, kwenye risiva na kwenye spika pia, ukigeuza moja besi inapwaya.

Kijana wa Tabata:
Natoka kwenda dukani sasa hivi.